Kurasa mia mbili na bado wako njiani: niendelee na The Eye of the World ama niiache?

"Mwalimu, shikamoo. Nilinunua The Eye of the World, riwaya ya fantasia ya Robert Jordan, kwa muuza vitabu vya mtumba hapa mjini, nakala nene yenye herufi ndogo sana. Naisoma kwenye feri ya Likoni asubuhi na jioni. Nimekaribia ukurasa wa 200, wamefika mji uitwao Baerlon, na sioni hadithi yaelekea wapi. Ile dibaji sikuielewa kabisa: mtu mwenye wazimu anazunguka ndani ya jumba lililobomoka, kisha haonekani tena. Majina ni mengi hadi kichwa kinaniuma. Rafiki yangu aliyemsoma Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, aniambia hii ni Tolkien iliyobadilishwa majina, nisipoteze wakati, tena ni cha kwanza tu kati ya vitabu 14. Mwanangu naye ameiona tamthilia yake kwenye simu, asema nivumilie. Je, tatizo ni Kiingereza changu, ni mimi, ama ni kitabu? Na nikimaliza hiki kimoja nitakuwa nimesoma hadithi nzima, ama nimejitia deni la vitabu 13?"

Marahaba, ndugu yangu. Umewekwa kati: rafiki akuvuta huku, mwanao akuvuta kule, na kitabu chenyewe kimelala mapajani hakisemi neno. Nikwambie msimamo wangu mapema ili ujue nakupeleka wapi. Kitabu hiki kina kasoro, tena si ndogo, ila haziko hapo unapozitafuta. Mwendo wa polepole wa mwanzo ndio unaokilipia kila kizuri kinachofuata. Kinapochosha ni katikati, na kinapoharibika ni mwishoni.

Kiingereza chako tukiondoe kwenye kesi. Mtu aliyezaliwa London akifungua kitabu hiki hajui Aes Sedai ni nini, wala Trolloc, wala saidin. Ni maneno ya kubuni, naye atayaelewa kwa njia ile ile utakayoyaelewa wewe, yaani kwa kusoma mbele na kungoja. Tena Jordan ana tabia moja ambayo ungepaswa kuonywa: kiumbe mmoja humpa majina manne au matano. Yule mpanda farasi mwenye joho jeusi, asiye na macho, anaitwa Myrddraal, mara Fade, mara Halfman, mara Lurk, kutegemea anayemtaja katoka sehemu gani. Ukidhani hao ni viumbe wanne tofauti, lazima kichwa kiume. Ni aina moja. Nyuma ya kitabu kuna faharasa ya majina na maneno. Ifungue unapokwama tu, usikae kuikariri. Kwa hapo ulipo, mambo matatu yatosha. Aes Sedai ni wanawake wenye uwezo wa kutumia nguvu inayoendesha ulimwengu. Mwanamume akiitumia nguvu hiyo huishia kuwa mwendawazimu, maana upande wa wanaume ulichafuliwa zamani. Na yuko adui mkubwa aliyefungwa, ambaye kifungo chake kimeanza kulegea. Mengine yatakuja yenyewe.

Sasa rudi kwenye dibaji ukiwa na hilo la pili kichwani. Ni kurasa chache, na utaziona upya. Yule mtu katika jumba lililobomoka ni mwanamume aliyekuwa na nguvu hiyo kuliko wote wa zama zake. Wazimu umempanda, ameua mke, watoto na jamaa zake wote, na hajui. Anapita juu ya maiti zao akimwita mkewe. Kisha anakuja adui yake, na ukatili anaomfanyia ni kumrudishia akili ili aone alichokifanya. Basi. Mambo hayo yametokea maelfu ya miaka kabla ya sura ya kwanza, ndiyo maana humwoni tena.

Kazi ya dibaji hiyo ni kukunyima furaha nyepesi. Katika riwaya nyingi za namna hii, kijana wa shamba akigundua kwamba ana uwezo wa ajabu, msomaji hushangilia. Hapa huwezi. Ukishamwona yule mtu wa dibaji, kila dalili kwamba mmoja wa vijana hawa ana kitu ndani yake inakuwa habari mbaya, kwa sababu unajua anaoweza kuwaua ni hao hao anaowapenda. Sijaona riwaya nyingi za aina hii zilizoutia sumu mwujiza wake mapema hivyo. Hata hivyo malalamiko yako yana haki. Sisi tumezoea mianzo inayotangulia kisa: mtunzi wa utenzi huanza kwa Bismillahi, akamsifu Mola na Mtume, mara nyingi akaagiza karatasi na wino, ndipo aingie. Lakini akishafika hapo hakufichi anachokwenda kukusimulia. Fungua Utendi wa Tambuka, aliotunga Mwengo wa Athumani wa Pate mwaka 1728. Una beti zaidi ya 1,100, na mapema kabisa unajua uko kwenye vita gani na nani anapigana na nani. Jordan anaanza na kilele cha msiba wa watu usiowajua, kisha anaufunga mlango na kukupeleka shambani. Ni ujasiri, na unawapoteza wengi.

Tuje kwenye huo upole. Kumbuka mwanzo wa sura ya kwanza. Rand, yule kijana wa shamba, anatembea kando ya mkokoteni na babake, Tam, wakipeleka mapipa ya pombe ya matofaa kijijini kwa ajili ya sikukuu. Baridi imekataa kuondoka ingawa msimu wake umekwisha. Mkono mmoja kashika upinde, mshale uko tayari. Anageuka nyuma, anamwona mtu juu ya farasi, joho jeusi limemfunika. Upepo unalipiga joho la Rand, lakini la yule mtu halitikisiki hata ncha. Anajikwaa, akitazama tena, barabara tupu. Anamweleza babake, na babake, ambaye hakuona kitu, hamcheki.

Baada ya hapo ni kurasa nyingi za kijiji: mchuuzi amechelewa, wazee wa baraza wanabishana, akina mama wana baraza lao na maoni yao, vijana wanangoja fataki. Hapo ndipo watu wengi huanza kupiga miayo. Lakini angalia kinachofuata usiku, ambacho umeshakisoma: Rand anaunga machela na kumburura babake aliyejeruhiwa msituni gizani, maadui wanapita barabarani hatua chache kutoka alipojificha, na Tam, homa imempanda, anaropoka maneno yanayomfanya mwanawe asijue tena ni mtoto wa nani. Hebu nikuulize: hapo ulikuwa umechoka? Nadhani hapo ulisahau hata feri imetia nanga. Maneno yale ya homa yanauma kwa sababu ulishatembea na Tam mchana kutwa, ukamwona alivyomwamini mwanawe bila ushahidi. Kama kitabu kingeanzia kwenye shambulio, Tam angekuwa mzee yeyote aliyejeruhiwa.

Kuna na jambo la kiufundi. Karibu sura zote ulizosoma umefungiwa ndani ya macho ya Rand. Hujui kitu asichokijua yeye, naye hajatoka kwao maisha yake yote. Baerlon, huo mji unaouona wa kawaida tu, yeye anauona mkubwa hajapata kuona, na miji mikubwa kweli bado iko mbele. Mwandishi anaupanua ulimwengu wake kwa kipimo cha hatua za kijana mmoja. Faida yake ni kwamba hupewi somo la jiografia na historia kwa mkupuo. Hasara yake, na hii ni hasara halisi, ni kwamba wenzake wanabaki wembamba. Mpaka hapo ulipofika Mat ni utundu tu, Perrin ni mtu mkubwa anayefikiri polepole, na Egwene kazi yake ni kugombana na Rand. Kitabu kinaanza kuwapa damu pale tu Jordan anapokubali kutoka kichwani mwa Rand, na hilo halitokei mpaka kundi litawanyike.

Suala la Tolkien. Rafiki yako haongopi, ila amesimama mapema. Kijiji chenye amani, wapanda farasi weusi wanaowasaka vijana, mgeni mwenye uwezo wa ajabu anayewatoa kwao usiku, mlinzi mkimya mwenye upanga, kivuko cha mto huku adui yuko nyuma, kisha mji wa kwanza na nyumba ya wageni. Mengi ya hayo yamo katika kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings, kilichotoka 1954. Jordan mwenyewe alikiri kwamba sura za mwanzo alizipa ladha ya Tolkien kwa kusudi. Mwaka 1990, kitabu hiki kilipotoka, wasomaji wa riwaya hizi walikuwa wameshazoeshwa njia hiyo. Terry Brooks alikuwa ameipita tangu 1977 katika The Sword of Shannara, tena kwa kuifuata karibu zaidi. Mwandishi anayefungua mfululizo mrefu ana shida ya kumshawishi mtu amfuate safari ambayo mwisho wake hauonekani, na Jordan aliamua kumpokea msomaji mahali anapopajua.

Ila tazama alichobadilisha. Gandalf, mchawi wa Tolkien, akiingia kijijini, watu wanaomjua wanafurahi. Moiraine, yule Aes Sedai anayewatoa vijana kwao, akijulikana ni nani, umati unakuja na mienge kumfukuza, na hao ni watu aliowatibia majeruhi wao. Naye hapigani nao. Anasimama mbele yao akawasimulia habari za Manetheren, ufalme uliokuwa pale pale walipojenga vibanda vyao, na namna babu zao walivyokufa hadi wa mwisho wakiilinda ardhi hiyo. Wanainamisha vichwa, wanaondoka mmoja mmoja. Kwangu hiyo ndiyo sura bora ya sehemu uliyoisoma, na siku zote hunikumbusha Gede: mji wa mawe, misikiti na visima, umelala msituni, na watu wa karibu wanalima pembeni yake. Jordan amejua kwamba watu wanaweza kuishi juu ya kaburi la ukubwa wao wasijue. Tena angalia kwamba vijana wanaosakwa ni watatu, na hakuna ajuaye adui amtaka yupi. Tolkien hana kitendawili hicho. Na wanawake wenye amri wamejaa humu kila upande, jambo lisilo la kawaida kwa riwaya za aina hii za wakati ule.

Hapo hapo kwenye wanawake ndipo ninapoanza orodha yangu ya malalamiko, maana nisije nikaonekana wakili wa kitabu. Jordan anawapa wanawake mamlaka, kisha anamfanya kila mwanamume aseme wanawake hawaeleweki, na kila mwanamke aseme wanaume ni vichwa vya mbao. Mara ya kwanza unacheka. Mara ya kumi unataka kumwambia mzee, tumesikia. Mtindo huo unazidi katika vitabu vinavyofuata, kwa hiyo ukikuudhi sasa, jua haukomi.

La pili ni ndoto. Adui mwenye moto machoni na kinywani anawatokea vijana usingizini, anatisha, anatoweka. Kisha tena, kisha tena. Anasema mno. Yule wa joho lisilotikiswa na upepo, ambaye hakusema neno, alinitisha zaidi. La tatu ni katikati. Ukifika kwenye sura ya 31 hadi ya 34 utakuta vijana wawili wanatembea kijiji hadi kijiji wakipiga zumari na kufanya michezo ili wapate chakula na mahali pa kulala. Fikra ni nzuri: umaskini wa njiani, kumwogopa kila anayekukaribisha. Lakini nyumba za wageni zinafanana, na mpangilio wa wakati unavurugika. Matukio ya nyuma yanasimuliwa baada ya ya mbele bila onyo la kutosha. Ukijihisi umeruka ukurasa, hujaruka. Endelea tu.

Na sasa mwisho, ambao ndio kasoro kubwa. Kitabu kinaitwa kwa jina la mahali fulani. Kwa mamia ya kurasa wahusika hawaendi huko. Wanakimbilia kwingine kabisa, na ni katika sura ya 42, kati ya 53, ndipo vipande vya habari vilivyookotwa na watu tofauti vinakutana mezani na safari inageuzwa. Sitakuharibia kinachotokea huko. Nitasema hivi tu: mwandishi aliyetumia kurasa nyingi kumpeleka mtu kijijini na mkokoteni anamaliza vita vyake kwa haraka ya ajabu. Maadui wanajitokeza bila kuandaliwa vya kutosha, nguvu zinatumika ambazo kanuni zake hatujafundishwa, na msomaji makini anafunga kitabu hana hakika ni nini hasa kimetokea. Ukiuliza wasomaji wa mfululizo huu mwisho huo ulikwendaje, wengi wataanza kwa kukuna kichwa.

Juu ya deni. Hiki kimoja kina mwisho wa kwake kiasi: msako ulioanza kijijini unafikia tamati, na mtu anaweza kusimama hapo bila kujiona ameachwa katikati ya sentensi. Lakini swali kubwa, yule kijana anayesakwa ni nani hasa na itakuwaje, linajibiwa nusu, na nusu ya pili ndiyo vitabu vinavyobaki. Mpango haukuwa hivi. Mfululizo ulikusudiwa uwe mfupi zaidi, ukavimba mikononi mwa mwenyewe. Jordan akafariki Septemba 2007 hajaumaliza. Mkewe Harriet McDougal, ambaye pia alikuwa mhariri wake, alimteua Brandon Sanderson, akaukamilisha kwa kutumia maandishi na maelezo aliyoyaacha marehemu. Cha 14 kilitoka Januari 2013. Kwa hiyo ukiamua kwenda, njia ina mwisho. Wapo wasomaji wa mifululizo mingine mikubwa wanaongoja kitabu kimoja tangu 2011. Ila nisikudanganye: vitabu vya katikati ya safari hii ni vizito, hadithi inasimama mahali pamoja muda mrefu, na wengi waliokipenda cha kwanza walishukia huko.

Mwanao mwambie ana haki ya kuipenda tamthilia, lakini asiitumie kukusimulia. Ilianza Novemba 2021 na ikakatishwa 2025 baada ya misimu mitatu, hadithi haijafika mbali. Vijana wameongezwa umri, Perrin amepewa mke asiyekuwamo kitabuni, na mambo mengine mengi yamehamishwa. Akikupa dondoo, huenda akakupoteza.

Basi ufanyeje? Ningekuwa wewe ningesoma upya dibaji usiku mmoja, kisha niende hadi sura ya 20. Kabla tu ya hapo kuna mji mfu, na ndani ya mji huo ndimo kitabu kinapoacha kuwa mgeni wa Tolkien na kuwa chake chenyewe; baada yake kundi linatawanyika na macho mengine yanafunguliwa. Ukiyapita hayo na bado huna hamu ya kujua yupi yuko wapi, kiache. Kiache bila aibu, na mwenye kukuuliza mwambie ulikipa nafasi. Kuna watu wenye akili zao na wapenzi wa fantasia ambao kitabu hiki hakikuwashika, na hawajapungukiwa. Kinyume chake, ukijikuta umepitisha kituo chako cha matatu, usihukumu mfululizo kwa mwisho wa juzuu hii. Cha pili, The Great Hunt, kilitoka mwaka ule ule wa 1990, na kwa maoni yangu ni bora: kinakwenda kasi zaidi na hakimtazami Tolkien tena.

Njia ya tatu ni kusikiliza. Vipo vitabu vya sauti, kimoja kimesomwa na Kate Reading na Michael Kramer, kingine na Rosamund Pike, yule aliyemwigiza Moiraine katika tamthilia. Kwa msafiri wa feri hilo si jambo dogo, na majina yanayokusumbua utayasikia yakitamkwa badala ya kupigana nayo kwenye karatasi.

Hilo la kichwa kuuma lakini halijaniacha. Umesema herufi ni ndogo, na unasoma chombo kikiyumba, jioni mwanga umepungua. Jaribu kusoma gazeti au kitabu kingine chenye herufi kubwa, umekaa nyumbani mchana. Kichwa kikiuma hapo pia, au ukijikuta unasogeza kitabu mbali ndipo uone, nenda ukapimwe macho hospitali au kwa mtaalamu wa miwani. Hilo mimi siwezi kulitatua kwa maandishi, na utakuwa umemlaumu Jordan bure. Ikiwa macho ni mazima na bado unahisi unasoma peke yako gizani, chukua kitabu uende maktaba ya umma, uulize kama kuna watu wanaokutana kuzungumzia vitabu. Sura moja ikisomwa kwa sauti na watu watatu, huku mmoja akiuliza "huyu ni nani tena?", inafungua zaidi ya majibu yangu yote.

Tena kabla hujatumia hata jioni moja nyingine, geuza nakala yako ya mtumba uangalie nyuma. Vitabu hivi vinene hupasuka mgongo, na kurasa za mwisho ndizo za kwanza kuanguka. Hakikisha sura ya 53 ipo nzima na faharasa haijang'olewa. Kama hazipo, rudi kwa muuzaji mapema angali anakukumbuka.